Jointi Haivunjiki Peke Yake

 

Nianze na sauti. Gari liko uwanjani kwenye changarawe, fowili imefungwa, injini inanguruma taratibu. Dereva anakata usukani hadi mwisho, anaachia klachi polepole, gari linaanza kuzunguka. Ndipo inasikika kutoka tairi la mbele: kak, kak, kak, kak. Akinyoosha usukani, kimya. Akikata tena, inarudi. Dereva anaongeza sauti ya redio, kak-kak inamezwa na muziki, na safari inaendelea.

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya kulala porini ni hiyo kak-kak. Ni jointi ya ekseli ya mbele inayotoa taarifa. Leo nataka tuizungumzie jointi hiyo: namna ya kuichagua iliyo imara, namna ya kuifunga, na namna ya kuendesha ili idumu. Naomba tuchukue mfano wa gari tunalolijua wote, Land Cruiser yenye ekseli nzima ya mbele: zile pikapu na hadtopu za familia ya 70 tunazoziita mkonga, na lile shangingi la zamani, Land Cruiser 80. Ndizo zinazopeleka chanjo vijijini, zinazobeba watalii Serengeti, zinazofika migodini na kwenye kambi za wakimbizi. Jointi ikikatika ndani ya gari la namna hiyo, anayeumia mara nyingi hayumo garini. Ni mama anayesubiri upande wa pili wa korongo.

Kwanza tuelewane jointi ni nini. Tairi la nyuma kazi yake ni moja, kusukuma, kwa hiyo shafti yake ni chuma kilichonyooka kutoka difu hadi kwenye habu. Tairi la mbele lina kazi mbili. Linatakiwa kusukuma, na hapo hapo linatakiwa kugeuka kulia na kushoto. Shafti iliyonyooka haiwezi kugeuka, lazima ipate kiwiko. Kiwiko hicho ndicho jointi.

Viwiko viko vya aina mbili kubwa. Cha kwanza ni krosi, ule msalaba wa chuma wenye beringi nne, kama ulio kwenye propela shafti. Jeep nyingi na Land Rover za zamani zina krosi kwenye ekseli ya mbele. Krosi ni rahisi kuiona, rahisi kuibadilisha, lakini ina tabia moja: ikikunjwa, mwendo wake hauwi sawa. Upande wa injini ukizunguka kwa mwendo mmoja, upande wa tairi unakwenda haraka, unapungua, unakwenda haraka tena, mara mbili kwa kila mzunguko. Ikikunjwa nyuzi 30, tairi linapungua mwendo kwa karibu asilimia 13 na kuzidi kwa karibu asilimia 15. Mkono wako kwenye usukani unausikia huo mvutano.

Cha pili ndicho kilichomo kwenye Land Cruiser. Katika miaka ya 1920 mhandisi wa kampuni ya Ford huko Marekani, Alfred Rzeppa, alibuni jointi yenye gololi sita. Baadaye ikatengenezwa Uingereza na kampuni ya Birfield, na ndiyo maana mpaka leo mafundi wa Land Cruiser duniani kote wanaiita Birfield. Gari dogo la Mini lililotoka mwaka 1959 lilitumia jointi za ukoo huohuo. Ukiifungua utakuta kombe la chuma, ndani yake kitovu chenye mifereji sita, gololi sita zikiwa ndani ya mifereji hiyo, na kizimba kinachozishika gololi zisitawanyike. Uzuri wake ni kwamba gololi daima hukaa katikati kabisa ya pembe, hata ukikata usukani namna gani. Kwa hiyo tairi linazunguka kwa mwendo sawasawa na shafti, bila kuvuta wala kuachia.

Sasa, ndugu msikilizaji, swali ninaloulizwa kila siku ni hili: fundi, jointi gani ni ngumu kuliko zote? Nami nina neno moja la kusema jioni ya leo, na mengine yote yanatoka humo. Jointi haivunjiki peke yake. Huvunjwa na watu watatu: aliyeichagua, aliyeifunga, na anayeendesha. Ukinunua jointi ngumu kuliko zote na ukasahau wawili waliobaki, umetupa fedha.

Nilijifunza hilo kwa gharama. Miaka mingi iliyopita nilikuwa natoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero, kule Ziwa Natron, chini ya mlima Oldoinyo Lengai. Nimebeba watu watano na mapipa mawili ya dizeli. Wanaoijua njia ile wanajua makorongo yake: juu ni vumbi la majivu ya volkano, chini ni mawe makubwa kama magunia. Katika korongo moja tairi la kushoto mbele liliingia kati ya mawe mawili. Nikaingiza gia nzito, nikakata usukani wote kulia nilitoe, halikutoka. Nikakanyaga mafuta. Ulilia mlio mmoja kama bunduki, na gari likatulia.

Jointi ilikuwa mpya. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe miezi mitatu nyuma. Kisa hicho nitakirudia mwishoni, maana sikukielewa vizuri siku ile.

Tuanze na mtu wa kwanza, anayechagua.

Kabla hujaenda dukani, fahamu nguvu inayofika kwenye kile kiwiko. Chukua injini yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 280, ya kawaida kwa dizeli ya mkonga. Gia ya kwanza inaizidisha, tuseme mara 4. Gia nzito inaizidisha tena mara 2.5. Difu inaizidisha mara 4. Piga hesabu: unapata 11,200, ukiacha kinachopotea njiani. Nati ya tairi la gari hilo haikazwi hata kwa 250. Kwa kawaida nguvu ile inagawanyika kwenye matairi manne, na tairi likizidiwa linateleza, jointi inapona. Kuteleza ndiko kunakoikinga jointi. Lakini ukibana tairi kati ya mawe lisiweze kuteleza, na ukafunga difu loki ya mbele, sehemu kubwa ya mzigo ule inaweza kuhamia kwenye kiwiko kimoja.

Na ukiongeza ukubwa wa tairi umeongeza mzigo. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 80 ukilibadilisha kwa la sentimita 88, umerefusha mkono unaoisokota jointi kwa asilimia 10, kabla hujabeba hata gunia moja. Kwa hiyo anayeniambia, fundi, nimeweka matairi makubwa na loki ya mbele, jointi ni ileile ya kiwandani, huyo namwambia akae kitako tuzungumze.

Sasa kuna jointi za kiwandani, na kuna zile za kazi nzito, za chuma wanachokiita kromoli. Katika hizo za kazi nzito kuna aloi yenye namba 4340. Ina nikeli, kromi na molibdeni, na kaboni yake ni karibu asilimia 0.4. Kuna nyingine, 300M, ambayo ni ndugu wa ile ya kwanza aliyeongezewa silikoni na vanadi. Lakini namba ya chuma ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni moto. Chuma kigumu kupita kiasi hupasuka kama chungu, na chuma laini kupita kiasi hujisokota kama waya. Jointi nzuri imepikwa kwa moto na kupozwa kwa kipimo, ili mifereji iwe na ngozi ngumu isiyochimbwa na gololi, na ndani ubaki moyo unaostahimili mshtuko. Muuzaji asiyeweza kukuambia jointi yake imetengenezwa kwa chuma gani na imepikwaje, anakuuzia rangi ya boksi.

Ukiwa dukani, iwe Gerezani pale Dar es Salaam au Kirinyaga Road kule Nairobi, nenda na jointi yako ya zamani mkononi. Zilaze mbili sambamba. Hesabu meno upande wa shafti. Kwenye nyingi za Land Cruiser hizi ni 30. Linganisha urefu wa shina, mfereji wa klipu, na sehemu ile iliyosuguliwa inapokaa bushi ya shaba. Kisha isimamishe jointi kwa shina lake, ishike kitovu, kichezeshe pande zote. Inatakiwa isogee kwa uzito ulio sawa, kama mlango mzuri. Ikikwama mahali na kuachia, irudishe. Ikicheza kama jino la mtoto, irudishe.

Jointi iliyotumika si haramu. Ziko nyingi sokoni, nyingine zimepitia Dubai, na ukipata ya kiwandani ambayo haijachoka inaweza kuishinda mpya isiyojulikana. Ila ifungue. Toa gololi sita, zioshe, tazama mifereji kwenye mwanga wa jua. Alama ya kung'aa tu si neno. Shimo ambalo ukucha unaingia, hapana. Na hapa kuna siri ya mafundi wa zamani: gari likienda mbele, gololi zinasukuma ukuta mmoja tu wa mfereji. Ukiihamisha jointi ya kulia ukaiweka kushoto, na ya kushoto kulia, ule ukuta ambao haujafanya kazi ndio unaopokea mzigo. Kwa jointi iliyoanza kupiga kak-kak kidogo, hiyo inaweza kukupa muda wa kukusanya fedha. Kwa iliyopasuka, hakuna dawa.

Na sasa swali ninalotaka ulichukue nyumbani. Acha kuuliza jointi gani haivunjiki. Uliza: mambo yakizidi, nataka kitu gani kivunjike kwanza? Maana kitu lazima kivunjike. Ukiimarisha jointi, mzigo haupotei, unahamia kwa jirani. Unaweza kuhamia kwenye shafti ya ndani, ukahamia kwenye bolti za habu, ukahamia kwenye meno ya difu. Difu ikikatika meno porini, hiyo ni kazi ya kulivuta gari hadi mjini na bili ya kukuliza.

Kwenye mkonga kuna frihabu, vile vifuniko vya mwisho wa habu unavyovizungusha kwa vidole kuyaunganisha au kuyaachanisha matairi ya mbele na shafti. Wapo mafundi wazoefu wanaoziacha frihabu za kawaida makusudi wanapofunga jointi na shafti za kromoli. Frihabu inakuwa fyuzi. Ikivunjika, iko nje, unaifungua kwa spana ndogo, unaweka nyingine, unakwenda. Huhitaji kushusha tairi. Mimi nimekubaliana nao kwa gari la huduma: sehemu dhaifu iwe ile inayofikika kwa mkono, na ya akiba iwe kwenye boksi chini ya kiti.

Mashindano ni jambo jingine. Kenya wana Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangisha fedha za kuzungushia uzio msitu wa Aberdare, uzio wa karibu kilomita 400 uliokamilika mwaka 2009. Pale gari linapewa saa 10 kufika vituo 13 kwa umbali mfupi iwezekanavyo, na umbali mfupi maana yake ni kupita juu ya mawe na kushuka genge badala ya kulizunguka. Gari la namna hiyo linastahili jointi ya kromoli, shafti ya kromoli, na kila kitu kilichopo kati ya difu na tairi kiende pamoja. Gari la zahanati linalopita tope miezi minne na vumbi miezi minane linahitaji jointi nzuri ya kiwandani, sili mpya, na fundi mtulivu. Anayekushauri ununue cha mashindano kwa ajili ya kupeleka chanjo, muulize kwa nini.

Tuje kwa mtu wa pili, anayefunga. Huyu ndiye ninayempenda, maana ndiye mimi.

Jointi ya Land Cruiser haina mpira wa nje kama sivii jointi ya gari dogo. Inakaa ndani ya tufe la chuma mwisho wa ekseli, imezungukwa na grisi. Nyuma yake kuna oili sili ndogo inayoizuia oili ya difu isiingie, na nje kuna sili kubwa inayofuta tufe usukani unapogeuka, ili vumbi lisiingie na grisi isitoke. Ukilifahamu hilo umefahamu kazi yote. Ile oili sili ndogo, ya bei ya chakula cha mchana, ikichoka, oili ya difu inaingia kwenye grisi na kuigeuza uji. Uji unavuja kwa nje, jointi inabaki kavu, gololi zinasaga chuma juu ya chuma. Ukiona tufe limelowa na vumbi limeganda kama tope jeusi, na difu imepungua oili, usiongeze oili ukaondoka. Fungua.

Kufungua nako kuna adabu. Gari kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake. Ukifika kwenye zile bolti za flanji utakuta washa zenye umbo la koni zimebana. Wengi hapa wanachukua patasi, wanaharibu. Acha nati imeshikilia ncha ya bolti ili uzi usiumie, kisha piga flanji pembeni kwa nyundo ya shaba. Piga, sogea, piga. Utaona koni moja inaruka yenyewe, halafu ya pili. Ukisubiri, zote zitatoka bila jeraha.

Jointi na shafti zimeshikwa na klipu iliyojificha ndani. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na kipande cha bomba nene la chuma na gogo la mwembe. Shafti inaingia ndani ya bomba, jointi inabaki juu imekaa kwenye mdomo wa bomba, halafu unainua vyote pamoja na kulidondosha bomba juu ya gogo. Mara moja, mara mbili, klipu inaachia, jointi inaruka. Hakuna nyundo iliyogusa chuma kilichosuguliwa. Mzee alikuwa akisema, nyundo ni ya mwisho kuitwa.

Halafu kuosha. Osha kwa dizeli, futa, osha tena, mpaka kitambaa cheupe kipite na kitoke cheupe. Gereji zetu nyingi ziko chini ya mti, upepo unaleta mchanga. Tandika turubai, funika kila ulichokiosha. Chembe moja ya mchanga ndani ya jointi ni tupa ndogo itakayokata usiku na mchana.

Kabla ya kufunga, pitisha ukucha kwenye sehemu ya shafti inapokaa ile oili sili. Ukucha ukikwama kwenye mfereji mdogo, sili mpya itavuja hata ukiinunua kwa dhahabu, kwa hiyo shafti hiyo itafutiwa dawa au ibadilishwe. Ingiza sili kwa kipande cha bomba chenye uso ulionyooka, iende sawasawa pande zote, na upake grisi mdomoni.

Grisi ya jointi ni ile nyeusi yenye molibdeni. Ijaze kwa kiganja, isukume kati ya gololi mpaka uione inatokea upande wa pili. Zungusha, sukuma tena. Kisha weka nyingine ndani ya nako, lile kasha linalogeuka pamoja na tairi, kuizunguka jointi, ila usijaze hadi juu, acha nafasi, kwa sababu grisi ikipata joto inatanuka na itatafuta njia ya kutoka kupitia sili.

Sasa ile dakika moja. Unaiingiza shafti ndani ya tufe. Ni ndefu, ni nzito, na mwisho wake una meno. Ikilala juu ya mdomo wa sili wakati unaisukuma, yale meno yanaukata mpira kama msumeno, na hutaona kitu. Iinue kwa mkono wa chini, iwe katikati, isukume taratibu huku ukiizungusha kidogo mpaka usikie meno yamekutana na difu. Kama una msaidizi, akumulikie tochi. Hii ni kazi ya nusu dakika, na maisha ya jointi yote yamo humo.

Ukirudisha nako, usisahau beringi za kingpini, ya juu na ya chini, na vile vibati vyembamba vya shimu. Rudisha kila shimu ilikotoka. Nako ikilegea, usukani unatetemeka, shafti haikai katikati, na sili inaliwa upande mmoja. Inatakiwa uigeuze kwa mkono uhisi ukinzani ulio sawa. Mwenye mizani ya kuvuta apime kwa kitabu cha gari lake. Nati ya beringi za habu uikaze, uzungushe habu mara kadhaa beringi zikae, uilegeze, uikaze tena kwa kipimo, kisha ukunje kifuli chake. Baada ya kilomita 20, simama, weka kiganja kwenye habu. Vuguvugu ni sawa. Ikikufukuza mkono, umebana mno. Baada ya kilomita 1,000, tazama tufe: utando mwembamba wa grisi ni heri, uji ni kilio.

Mtu wa tatu ni dereva, na kwake nitakuwa mfupi kwa sababu anahitaji mambo machache tu, lakini ayashike.

Jointi iliyonyooka ni imara sana. Jointi iliyokunjwa hadi mwisho ni dhaifu, kwa sababu gololi zimefika ukingoni mwa kombe, mahali chuma ni chembamba. Kwa hiyo ukikwama, nyoosha usukani kwanza, halafu ndipo utafute nguvu. Ukiwa umefunga difu loki ya mbele usikate kona kali. Ukitoka kwa rivasi huku usukani umekatwa, mguu uwe mwepesi. Tairi likiwa hewani linazunguka, achia mafuta kabla halijagusa jiwe, maana kule kugusa ni kipigo cha nyundo ndani ya kombe. Na ukiona kila unapokanyaga gari halisogei, shuka. Jembe lipo nyuma. Dakika 20 za kuchimba na kupanga mawe hazijawahi kuvunja jointi ya mtu.

Na ikivunjika? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Usiburuze gari hivyohivyo, maana vipande vinaweza kukwama ndani ya tufe na usukani ukagoma ukiwa kwenye mteremko. Fungua, toa vipande vyote, toa shafti. Habu ya Land Cruiser inakaa juu ya spindo yake, haishikiliwi na jointi, kwa hiyo tairi halitachomoka. Ziba tundu la ekseli kwa kitambaa safi oili isimwagike, rudisha kila kitu, fungua frihabu ya upande wa pili, rudi nyumbani kwa matairi ya nyuma. Kwa zile Land Cruiser 80 ambazo matairi yake manne yanafanya kazi muda wote, utatoa pia propela shafti ya mbele na kufunga difu ya katikati.

Ndivyo tulivyofanya siku ile Natron. Tulimaliza jua likizama nyuma ya ukuta wa Bonde la Ufa, tukashusha mapipa ya dizeli, tukarudi Mto wa Mbu polepole.

Asubuhi nikavimwaga vipande vya lile kombe lililopasuka juu ya turubai. Niliyemlaumu wa kwanza alikuwa muuzaji, na kweli, spea ile haikuwa na asili ya kueleweka, niliichukua kwa sababu ya bei. Kisha nikaona grisi: ilikuwa uji. Nikatoa oili sili, nikaikuta ina mkato mdogo mdomoni, umbo la jino la shafti. Mkato ule niliufanya mimi, miezi mitatu nyuma, katika ile nusu dakika. Na mguu uliokanyaga mafuta usukani ukiwa umekatwa ulikuwa wangu pia.

Kipande cha kombe lile ninacho hadi leo, kiko kwenye rafu ya gereji. Kila kijana anayekuja kujifunza kazi, siku ya kwanza nampa akishike, akigeuze kwenye mwanga, aniambie anaona nini. Wengi huniambia wanaona chuma kimevunjika. Nawaambia watazame tena ule mpasuko. Sehemu moja ni nyeusi, imetulia, imeingia grisi. Sehemu nyingine ni nyeupe, ina chembechembe zinazong'aa kama chumvi. Ile nyeupe ndiyo iliyovunjika korongoni. Ile nyeusi ilikuwa imepasuka tangu wiki kadhaa kabla, ikaendelea kufunguka kidogo kidogo kila nilipokata kona, nami niko juu yake nikipiga soga.

Kijana akishaiona ile nyeusi, ndipo nampa spana.

Kesho asubuhi, msikilizaji, kabla hujawasha gari, inama mbele, pitisha kidole kwenye tufe la kulia na la kushoto, kitazame kidole chako. Halafu ukiwa uwanjani funga fowili, kata usukani, zima redio, na usikilize. Hata kama anayesema redioni ni mimi.